Vipi, Mzee!

Mpira wa nne aliourusha msichana wetu katika mechi yake ya kwanza ya kulipwa ulimtii. Ulipanda, ukaning'inia kidogo hewani kana kwamba umesahau ulikotumwa, ukashuka, ukagusa ardhi, ukajipinda kuingia ndani na kumgonga mpigaji kwenye pedi ya mguu, pwaa, mbele kabisa ya vile vijiti vitatu alivyokuwa akivilinda visiangushwe. Bati la yule dada lilikuwa bado liko njiani linakuja. Nikisema bati msifikirie la paa. Ni lile la mbao, pana kama kasia, ambalo wachezaji wa kriketi hulipenda kuliko ndugu zao.

Kwa sheria za mchezo ule, yule dada alikuwa ametoka. Mguu umezuia mpira uliokuwa unakwenda kuangusha vijiti. Basi, kwaheri, kakae pembeni. Lakini kriketi ina jambo moja ambalo sijaliona katika mchezo mwingine wowote: mwamuzi haruhusiwi kumtoa mpigaji mpaka aulizwe. Anaweza kuwa ameona kila kitu na jibu liko kwenye ncha ya ulimi, lakini usipomuuliza, atatazama mawingu. Timu yetu ilikuwa na swali la neno moja, "Vipi!", linalopigwa kwa sauti ya kupasua koo, mikono juu. Tena lilikuwa na utaratibu wake. Msimu uliopita walipewa onyo kwa kuwapigia waamuzi kelele ovyo, hata mpira ulipopita mbali na kila mtu, kwa hiyo kocha alikuwa ametoa amri: aliyerusha mpira ndiye anayeanza kuuliza, wengine wanamwitikia. Asipoanza yeye, midomo yote ifungwe.

Wenzake kumi walikuwa wamesimama uwanjani, mikono imefika mabegani, vinywa nusu wazi, wakimsubiri.

Akageuka. Mbele yake alisimama mwamuzi, mzee wa miaka sitini na ushei, mpima ardhi mstaafu, miwani imefungwa uzi nyuma ya shingo. Wachezaji walimwita Mzee Kofia, kwa sababu kila mrushaji humwachia mwamuzi kofia yake aishike wakati anarusha, na yeye huzivaa zote kichwani, moja juu ya nyingine. Alikuwa na umri wa baba yake na macho ya upole kama ya baba yake. "Vipi" ndilo neno wanalosalimiana vijana wa rika moja wakikutana dukani. Umwambie mzee kama yule "vipi"? Tena kwa kupiga kelele, na mikono umeinyoosha kama unamtishia?

Akafungua kinywa.

"Shikamoo," alisema.

Mzee akashtuka kidogo. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Mchezo ukaendelea.

Nahodha, ambaye pia ndiye hukaa nyuma ya vijiti kudaka mipira, alimjia mbio na glavu zake kubwa.

"Umefanya nini?"

"Nimemsalimia."

"Umemsalimia!"

"Tangu asubuhi hakuna aliyemsalimia. Tumempita pale getini sote kumi na mmoja kama tunapita nguzo."

"Dada, yule si mjomba wako. Yule ni mwamuzi!"

"Kwani mwamuzi si mtu?"

Nahodha alirudi nyuma ya vijiti anatikisa kichwa. Mpigaji aliyesalimika siku ile alikuwa akiitwa Mwenye Nyumba, kwa sababu akishaingia hatoki. Alikaa pale mpaka akafikisha mbio sabini na moja, maana mbio ndizo alama za mchezo ule, timu yetu ikapigwa vibaya, na jioni ile kwenye chumba cha kubadilishia nguo yule msichana alipewa jina ambalo hadi leo ndilo analojulikana nalo: Kimya.

Ukitaka kumwelewa lazima ufike kwao. Mama yake ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na zaidi ya nusu ya mwezi huwa kazini usiku, hivyo mchana hulala. Katika nyumba ile ya vyumba vitatu, bawaba za milango zilipakwa mafuta ya kupikia zisilie. Mwiko ulikuwa wa mbao, kijiko cha chuma kilitengwa kwa ajili ya wageni. Chafya ulitakiwa uitoe nje ukaipigie uani. Baba yake naye ni mhudumu wa maktaba, miaka ishirini na sita sasa, na huzungumza kana kwamba siku zote kuna mtu anasoma pembeni yake. Akikasirika, sauti yake haipandi, inashuka. Watoto wake walijua kwamba Baba akifika mahali husikii tena anachosema, hapo umekwisha.

Aliyeruhusiwa kupaza sauti katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, Bibi, mama mzazi wa Baba, ambaye masikio yalimtupa mkono zamani. Bibi akiomba chumvi, jirani ndiye aliyeileta.

Katika malezi yale Kimya alipata vitu viwili. Cha kwanza, viganja vya ajabu, kwa sababu tangu akiwa na miaka tisa alikuwa akikamua kwa mkono sare za mama yake na mashuka ya nyumba nzima. Mwalimu wa michezo alipompa mpira wa kriketi shuleni, aliukamua kama shuka, na mpira ukatoka mkononi unazunguka mpaka wapigaji wakawa wanaupiga upepo. Cha pili, kutofungua mdomo. Nasema wazi, na atakayechukia achukie: tunawalea wasichana wetu miaka kumi na minane wanyamaze, waombe radhi wakipita, waombe radhi wakikaa, kisha siku moja tunawasimamisha katikati ya uwanja na kuwauliza, mbona huna sauti?

Klabu ilipompa mkataba wa majaribio wa miezi sita, alimpelekea baba yake karatasi mezani.

"Wanakulipa kurusha mpira?" Baba alinong'ona.

"Ndiyo, Baba."

"Na yule mwingine anaupiga."

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu wanaurudisha."

"Na wewe unaurusha tena."

"Mpaka jioni."

Baba alifikiri. "Basi ni kama mimi na vitabu," alisema, akatia saini mahali pa mzazi, ingawa karatasi haikuwa na mahali pa mzazi.

Walioingia kwa majaribio walikuwa wawili, na mkataba kamili wa mwaka mzima ulikuwa mmoja. Mwenzake alikuwa mrushaji wa mipira ya kasi, msichana mfupi, mpana wa mabega, aliyeitwa King'ora. Huyu alikuwa akiuliza "Vipi!" hata mpira ukigonga kiatu chake mwenyewe. Ungetegemea wachukiane, maana mmoja akipata, mwingine anarudi kwao. Wapi! Walikuwa kama pete na kidole. Walichangia sabuni, chanuo na benchi.

Benchi lenyewe lilikuwa ndani ya stoo. Timu ya wanaume ya klabu ile ilikuwa na chumba chenye makabati, vioo na bomba la maji moto. Timu ya wanawake ilipewa stoo ya mashine ya kukatia nyasi, na mashine ndiyo iliyopewa nafasi nzuri. Kocha wao, mama wa miaka hamsini hivi aliyecheza miaka kumi na minne bila kulipwa kitu na sasa anatembea kwa magoti mawili yaliyofanyiwa upasuaji, alikuwa akifundisha amekaa juu ya ndoo ya chokaa iliyofunikwa.

Baada ya mechi tano alimwita Kimya, akafungua daftari.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Hiyo ndiyo kazi unayoiweza, na unaifanya vizuri. Sasa sikiliza." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Umeangusha vijiti mara saba. Safi. Hapo huhitaji kumuuliza mtu, kila mwenye macho anaona. Lakini huku nimeandika: maswali yasiyoulizwa, tisa. Watu tisa umewashika mkononi ukawaachia waende zao!"

"Nilitaka kuuliza, kocha. Neno linakuja mpaka hapa," akagusa koo, "halafu namwona mzee wa watu, kasimama juani..."

"Na ile habari ya kofia?"

Kimya aliinamisha kichwa. Hakuwa akimwachia mwamuzi kofia yake. Kumgeuza mzee mzima kitundikio cha nguo? Kila zamu yake ya kurusha mipira sita ilipofika alikimbia mpaka ukingoni mwa uwanja, akaiweka kofia chini, akarudi mbio, na mechi nzima inamsubiri. Wiki iliyopita Mzee Kofia mwenyewe alikuwa amemuuliza kwa unyonge, "Mwanangu, mbona wenzako wote wananiachia zao? Mimi nimekukosea nini?"

"Haya," kocha alisema. "Mimi ni mkubwa wako. Niambie, vipi kocha."

"Kocha..."

"Sema!"

"Vi..." Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Vi... vizuri tu, kocha. Nyumbani hawajambo?"

King'ora, aliyekuwa amejificha nyuma ya mashine ya nyasi kusikiliza, aliangua kicheko mpaka akaangusha reki mbili.

"Wewe toka huko!" kocha alifoka. "Na wewe, Kimya, mechi ya mwisho ni wiki tatu zijazo. Baada ya hapo uongozi unataka jina moja kutoka kwangu. Mimi nikiulizwa huyu anajua kurusha, nitasema ndiyo. Nikiulizwa anajua kucheza, nitasema nini? Mrushaji asiyeuliza ni nusu mchezaji."

Nje, King'ora alimkalisha kwenye ngazi.

"Tatizo lako ni mazoezi tu. Sisi kwetu tulizaliwa kumi na mmoja, usipopiga kelele huli. Kwenu je, hakuna hata mtu mmoja asiyesikia?"

"Yupo Bibi."

"Basi umepona."

Hivyo ndivyo Jumamosi moja, saa tisa alasiri, Kimya alivyojikuta amesimama kando ya tangi la maji uani kwao, hatua kumi na mbili kutoka kwa Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage. Mama alikuwa amelala chumba cha kati. Kimya alivuta pumzi.

"Vipi," alisema.

Bibi alitupa jiwe dogo, akaendelea.

"Vipi!"

Akajaribu tena, na tena. Mara ya tano alifumba macho, akainua mikono, akaiachia.

"VIPI!"

Bibi aliinua kichwa. Akamtazama mjukuu wake aliyesimama na mikono juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Kisha uso wote ukakunjuka.

"POA!" Bibi alijibu, na ndege wakaruka juu ya paa. "Poa kabisa, mke mwenzangu! Kumbe leo na mimi nimeonekana mtu!"

"Bibi, samahani, nilikuwa tu..."

"Eti?"

"SAMAHANI!"

"Samahani ya nini? Kila anayepita hapa shikamoo, shikamoo, kisha huyo anakwenda zake, hataki hata kujua naendeleaje. Nahisi kama nimeshazikwa! Niulize tena!"

"VIPI, BIBI!"

"POA! Goti tu! Na huyu baba yako haninunulii betri za redio!"

Dirisha la chumba cha kati lilifunguka, Mama akatoa kichwa, kitambaa kimeteleza, jicho moja bado limelala. "Nani kajifungua?" aliuliza.

"Hakuna, Mama. Namsalimia Bibi."

"Salamu gani hiyo yenye uchungu?"

Kabla hajajibu, Baba alitokea mlango wa jikoni. Alikuwa amesikia yote. Alifungua mdomo, na Kimya aliona midomo inacheza lakini hakusikia hata herufi moja. Alikuwa amekwisha.

Walikaa jikoni, baba na binti, meza katikati. Sauti ya Baba ilipanda taratibu mpaka ikafikia mnong'ono.

"Umemwambia mama yangu mzazi 'vipi'."

"Ni kazi, Baba."

"Kazi gani inayomtaka mtu amkosee adabu mama yangu?"

Akamweleza yote. Mpira unagonga mguu. Mzee anaona. Mzee anajua. Lakini sheria inamfunga mdomo mpaka aulizwe kwa sauti. Naye, mwanao, kila mara anashindwa, na wiki tatu zijazo watamrudisha nyumbani na begi lake. Baba alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyoanza kusogea mbele kwenye kiti.

"Ngoja kwanza. Huyo mzee analo jibu?"

"Analo."

"Na hawezi kulitoa?"

"Mpaka aulizwe."

"Na wewe humuulizi."

"Namheshimu, Baba."

Baba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

"Pale mezani kwangu kuna kibao," alisema. "Kimeandikwa ULIZA HAPA, kwa herufi nyekundu. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja. Alizunguka kwenye rafu dakika arobaini. Anatoa kitabu, anakirudisha. Mkononi ameshika chupa ya dawa ya kuku, kwa hiyo nilishajua anachotaka. Kitabu cha magonjwa ya kuku kilikuwa mezani, chini ya kiwiko changu hiki."

"Si ungemwambia tu?"

"Nimwingilie mtu mzima mambo yake? Kibao kinasema ULIZA HAPA. Hakisemi NITAKWAMBIA. Alipochoka akaja mezani. Nikasema, haya, sasa anauliza. Akaniinamia, akaniambia, kazi njema, baba, akaondoka."

"Na kuku?"

"Mimi nitajuaje habari za kuku!" Hii ilitoka kwa sauti ya kawaida, na wote wawili walishtuka. "Miaka ishirini na sita watu wananipita kwa adabu. Wananiona kama kabati. Nimechoka kuheshimiwa. Ninavyovijua ni vingi, binti yangu, vinaoza humu kichwani, kwa sababu hakuna anayetaka kunisumbua."

Uani Bibi alikuwa akijisemea mwenyewe, "Poa! Poa kabisa!" na kucheka.

"Kamuulize huyo mzee," Baba alisema hatimaye. "Amesimama juani kutwa nzima kwa ajili ya swali lako. Mpe kazi yake."

"Na neno lenyewe, Baba? Vipi?"

Baba alikunja uso kama aliyeuma ndimu. "Ongeza 'mzee'. Angalau."

"Kama mmemaliza kunong'ona," Mama alisema kutoka chumbani, "semeni kwa sauti. Kunong'ona kwenu ndiko kunakoniamsha."

Mechi ya mwisho walikutana tena na timu ya Mwenye Nyumba. Timu yetu ilikuwa imepiga kwanza na kupata mbio mia na thelathini na mbili, na sasa kazi ilikuwa kuwazuia wale wasizifikie. Hawakuwa wakizuilika. Mwenye Nyumba alikuwa ameshaweka kitanda, kabati na mapazia. Alikuwa na mbio hamsini na tisa na anatafuna pipi ya mpira kwa raha zake. Nahodha alimtupia Kimya mpira.

Kimya alivua kofia. Wachezaji wote waligeukia ukingoni, wakisubiri zile mbio zake. Hakukimbia. Alimfuata Mzee Kofia, akamkabidhi kofia kwa mikono miwili. Mzee aliipokea kwa mikono miwili pia, akaiweka juu kabisa ya zile nyingine tatu, akairekebisha isikae upande.

Mpira wa pili ulimgonga Mwenye Nyumba pedini. Kimya aligeuka. Miguu ilitaka kupiga goti. Akainua mikono.

"VIPI, MZEE!"

Sauti ilitoka imepasuka katikati, nusu ya kwanza ya mwanamume, nusu ya pili ya bata. Wenzake walipigwa na butwaa mpaka wakasahau kuitikia. Nahodha alibaki ameshika kiuno. Mwenye Nyumba alimeza pipi yake. Kwenye jukwaa, mtu mmoja tu alisimama na kupiga makofi, na alikuwa Bibi, aliyekuja siku hiyo na Baba, na ambaye huenda hilo ndilo neno pekee alilolisikia asubuhi nzima.

Mzee Kofia alitazama vijiti, akatazama mguu, akavuta mstari hewani kwa jicho moja kama alivyofanya miaka thelathini kwenye viwanja vya watu.

"Hajatoka," alisema. "Ulikuwa unakwenda kushoto kidogo."

"Asante, mzee."

"Karibu tena, mwanangu."

Basi. Ilikuwa hivyo tu. Amepiga kelele mbele ya mzee, mzee amemjibu hapana, na ardhi haikupasuka. Kimya alitazama miguu yake kuhakikisha. Bado ilikuwepo. Sijui kama mnaelewa furaha ya jambo hilo, furaha ya kukataliwa kwa haki, baada ya kuuliza kwa haki. Kuna watu wanafika uzeeni bila kuionja.

Mpira wa nne akauliza tena. Hajatoka. Zamu yake iliyofuata, mpira wa kwanza, akauliza tena. Hajatoka.

"Tutapewa onyo!" nahodha alilalamika.

"Mwache!" King'ora alipiga kelele kutoka upande wa pili. "Ana maswali ya tangu darasa la kwanza huyo!"

Zikabaki mbio kumi na moja wale washinde. Kimya alirudi nyuma hatua zake tano, akaukamua mpira, akauachia. Ulipanda taratibu. Mwenye Nyumba aliusogelea, akabadili mawazo, akarudi, na katika kule kwenda na kurudi mpira ukapita chini ya bati na kumgonga juu ya kifundo. Safari hii Kimya hakuinua mikono haraka. Aligeuka kwanza, akamtazama mzee usoni, kama mtu anayebisha hodi mahali anapojua wenyewe wapo.

"Vipi, mzee!"

Na wenzake kumi, ambao wakati huu walikuwa wamejiandaa, wakaitikia mpaka kibao cha alama kikatikisika.

Mzee Kofia alifumba jicho moja. Akapima. Akapima tena. Kisha kidole chake cha shahada kikaanza kupanda, polepole, kupita kifua, kupita kidevu, kupita zile kofia nne, kikasimama juu.

"Baba, kweli?" Mwenye Nyumba alilalama.

"Kweli, mwanangu. Nimepima."

Zamu ya mwisho ya kurusha ilikuwa ya King'ora. Aliangusha vijiti mara mbili kwa mipira miwili mfululizo, na akauliza mara sita, moja ikiwa wakati mpira bado uko mfukoni mwa nahodha. Timu yetu ilishinda kwa mbio tatu.

Jumatatu asubuhi waliitwa wote wawili ofisini. Mwenyekiti wa klabu alikuwa nyuma ya meza, katibu pembeni na jalada, kocha kwenye kiti cha kweli badala ya ndoo.

"Tumepata kazi ngumu," mwenyekiti alisema. "Lakini nafasi ni moja. Kamati imeona tumpe mrushaji wa mipira ya kuzungusha. Hongera sana, binti."

"HONGERA!" King'ora alipiga kelele, akamkumbatia shoga yake mpaka mbavu zikalia. Kisha akamwachia, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alinyamaza. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Kimya aliishika ile karatasi. Ilikuwa yake, ya mwaka mzima, ndicho kitu alichokuwa akikililia miezi sita. Angeweza kusema asante na kutoka, na hakuna mtu ambaye angemlaumu.

"Mwenyekiti," alisema, "naomba kuuliza."

Kocha aliinua kichwa ghafla.

"Kwa nini nafasi ni moja?"

Mwenyekiti alimtazama katibu. Katibu alilitazama jalada. "Imeandikwa hapa," alisema. "Nafasi moja."

"Iliandikwa na nani?"

Kurasa zikafunuliwa. "Na aliyekuwa katibu kabla yangu. Mwaka ule timu ilipoanza. Wakati ule mrushaji alikuwa... naona alikuwa mmoja tu."

"Na sasa?"

"Sasa wako sita."

"Basi kwa nini bado nafasi ni moja?"

Katibu alifungua jalada mwanzo, akalifungua mwisho, akalifunga. "Hakuna aliyewahi kuuliza," alisema.

Nilishasema siamini katika miujiza ya kamati, au kama sikusema, nasema sasa. Walikaa vikao viwili, wakabishana wiki mbili, na walichotoka nacho kilikuwa mikataba miwili ya miezi tisa tisa, hesabu ambayo mpaka leo hakuna aliyeweza kuieleza.

"Umejikata miezi mitatu kwa ajili yangu," King'ora alimwambia mlangoni siku ya kusaini. "Una wazimu?"

"Sikujua watakata. Mimi niliuliza tu."

King'ora alisaini bila kusoma, kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya mstari. Kimya alivuta kalamu karibu, lakini hakuishika. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akafika wa tatu, akarudi wa pili.

"Samahani, katibu," alisema. "Hiki kifungu cha saba, kinachosema mchezaji atajinunulia pedi zake mwenyewe. Na wanaume nao?"

Katibu alivua miwani, akaiweka juu ya jalada, kisha akasogeza kiti cha pili mbele ya meza yake.

"Kaa kabisa," alisema.